Usimnyoe Mtoto Bila Kumwambia

Nakumbuka Jumamosi moja tulipokuwa tunaishi Bweri, mwanangu, shangazi yangu Wakuru alifunga mlango wa mbele, akatundika kanga kwenye waya wa uani ili majirani wasichungulie, kisha akatukalisha chini kwa mstari, watoto wanne. Alikuwa na wembe na bakuli la maji. Hakusema neno. Na kosa lenyewe lilikuwa hilohilo la kutosema neno, ndiyo maana nalieleza kwa utaratibu, maana naona watu wazima wa leo wanalirudia kana kwamba wanalipwa.

Kwanza ujue miaka yenyewe. Sabuni ilikuwa ngeni. Kipande kikifika duka la ushirika, foleni ilianza kabla ya jogoo. Wa mbele alipata sabuni, wa nyuma alipata maelezo. Tulifulia majani ya mpapai. Mama yetu alikuwa amepanda boti pale ufukweni Mwigobero kwenda vijiji vya ng'ambo ya ziwa, kubadilisha vitenge kwa dagaa, na nyumba akamwachia shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Mugeta. Shangazi alikuwa mtu wa usafi wa kupindukia. Nadhani hata kuku alitamani wapanguse miguu.

Ijumaa mwalimu alikagua vichwa shuleni. Mdogo wangu Nyamisi, wa darasa la kwanza, akakutwa na chawa. Mwalimu hakumwambia Nyamisi kitu. Aliniita mimi wa darasa la sita, akaninong'oneza kama mtu anayepanga njama: mpeleke nyumbani, Jumatatu aje amenyolewa.

Nilipomfikishia shangazi habari, alinishika mdomo.

"Chawa? Nyumba ya kaka yangu? Neno hilo usilitaje tena. Majirani wakisikia, uso tutauficha wapi?"

"Nyamisi tumwambie nini, shangazi?"

"Mtoto wa miaka saba anaambiwaga nini? Ananyolewa, basi."

Angepata mafuta ya taa angemmwagia kichwani, maana ndivyo wengine walivyofanya, wakaunguza ngozi za watoto. Bahati nzuri mafuta nayo yalikuwa haba. Basi ikawa wembe, na kwa kuwa tulikuwa tunalala kitanda kimoja, akaamua kutunyoa wote.

Nyamisi alipotutazama tulivyopangwa, akauliza, "Shangazi, na dada naye?"

"Wote. Inamisha kichwa."

"Kwa nini?"

"Nyamaza. Mambo ya nyumbani hayatoki nje."

Sasa ngoja hapa. Wewe umekulia mjini, labda hujui. Kwetu nywele za nyumba nzima hazikunyolewa siku moja ila kwa msiba. Mtu akishazikwa, siku ya kumaliza matanga ndugu walikaa chini kwa mstari, wembe ukapita kichwa kwa kichwa, wakubwa kwa wadogo. Miezi michache nyuma tulikuwa tumenyolewa vivyo hivyo Butiama kwa ajili ya babu. Na babu huyo, sisi watoto tuliambiwa yuko hospitali, anaendelea vizuri, anakuja nyumbani. Nyamisi alijua amekufa pale wembe ulipomgusa kichwa.

Kwa hiyo niambie, mtoto huyu afikiri nini? Mama hayupo. Milango imefungwa. Wakubwa wananong'ona. Vichwa vinanyolewa.

Mchana hakula. Usiku alishusha mkeka, akalala sakafuni kama wafiwa. Shangazi akasema ni malaria, akampa klorokwini. Dawa ya homa kwa mtoto mwenye msiba! Mimi niliyaona yote hayo, lakini nilikuwa nimeshikwa mdomo, na mtoto wa enzi zetu akishikwa mdomo alijua umeshikwa kweli.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, Nyamisi tuliyemwacha mkekani hayupo. Alikuwa ametembea peke yake hadi Mwigobero, akasimama pale boti zinapofungwa. Mama mmoja muuza samaki akamwuliza, "We mtoto, unamngoja nani?"

"Boti inayomleta mama yangu. Amekufa."

Yule mama akatazama kile kipara kipya, na ushahidi mwingine hakuutaka. Akapiga ukunga. Wa pili akadakia, wa tatu akafunga kanga kiunoni, na muda si muda soko zima lilikuwa na habari kwamba mke wa mtu wa Bweri amezama ziwani. Mficha maradhi, kilio humuumbua, wahenga walisema. Mimi sijapata kuona methali ikitimia kwa sauti kubwa namna ile. Habari ilimkuta baba kazini, kiwanda cha nguo, alikoshikwa na zamu mfululizo toka Ijumaa. Alikimbia mpaka ufukweni, kiatu kimoja kikabaki njiani, akawauliza wenye boti mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia boti kuzama. Alimchukua Nyamisi mabegani akarudi naye nyumbani, na hapo ndipo shangazi alipolazimika kulitamka lile neno lake la aibu.

"Mama yako mzima!" akamwapia Nyamisi. "Anakuja!"

Nyamisi akatikisa kichwa. "Hata babu mlisema anakuja."

Hapo baba alikaa chini. Maana mtoto alikuwa sahihi, na hapakuwa na simu ya kumsikilizisha sauti ya mama yake. Boti ilitarajiwa katikati ya juma. Nyamisi alikuwa anakunywa maji tu, anatema uji, macho yameanza kuingia ndani. Tuliogopa kwamba mama atarudi amkute amelazwa, au zaidi ya hapo.

Kumbe basi la jioni lilikuwa limeshaibeba habari hadi Butiama. Jumatatu asubuhi tukasikia kilio barabarani. Ni bibi, mama yake baba, amejitwika debe la unga wa mtama kwa ajili ya waombolezaji. Baba akamkimbilia, akamweleza. Bibi akakata kilio katikati.

"Chawa?"

"Ndiyo, mama."

"Nimelia toka Butiama mpaka hapa. Nimelia ndani ya basi mpaka dereva naye akafuta machozi. Kwa chawa?" Akamgeukia binti yake. "Wakuru, umemnyoa mtoto ukamwachia mwenyewe atafute maiti. Sasa alipotafuta akakosa wa kumweka, akamweka mama yake. Umeona ulichofanya?"

Shangazi alianza kueleza habari za majirani. "Majirani!" akasema bibi. "Hao nao wanajikuna."

Kisha akaketi sakafuni karibu na Nyamisi, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

"Mjukuu wangu, njoo unitazame humu. Nawashwa."

Nyamisi akasogea. Alipekua nywele zile za mvi, akasita. "Bibi, kuna kadudu."

"Kashike. Kaweke kwenye ukucha. Hako ni chawa. Kanakunywa damu kidogo, ndiyo maana tunajikuna. Butiama hakuna sabuni, lakini hata mwenye sabuni kanampata, maana kanatembea tu toka kichwa kimoja kwenda kingine mnapolala au mnapocheza mmegusana. Hakaji kwa sababu mtoto ni mbaya. Wewe ulikuwa nako, na shangazi yako akakunyoa ili kakose pa kukaa. Hiyo tu."

Nyamisi akakiponda kile kidudu kwa ukucha.

"Kwa hiyo hajafa mtu?"

"Hajafa mtu."

"Na mama?"

"Mama yako yuko kwenye dagaa. Na siku akifa, nitakuja kukuambia mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, kabla ya wembe."

Mtoto akaomba uji. Shangazi akatoka nje, na nilisikia analia.

Jumatano mama aliposhuka Mwigobero, wanawake walimpokea kwa vigelegele kama aliyefufuka, naye asielewe. Alipoinama kumkumbatia Nyamisi, mtoto akarudi nyuma na kutangaza mbele ya soko zima, "Mama, mimi nilikuwa na chawa!" Wakacheka. Kisha mmoja akasema, "Hata kwangu wapo," na mwingine, "Wangu nao." Jioni hiyo mlango wetu ukawa wazi, na wanawake watatu wa jirani wakaja uani kwetu kuchambuana vichwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Miaka ya ruksa ikaja, biashara zikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, nikadhani ujinga huu umekwisha. Wapi! Juzi nimemsikia mama kijana akimwambia mwanawe aliyekuwa anajikuna kwamba ni jasho. Jasho lenye miguu?

Basi sikia, mwanangu. Mtoto wako akipata chawa, mwite kwa jina lake na mdudu umwite kwa jina lake. Mwonyeshe. Mwambie si kosa lake, si uchafu wake, na kwamba utamchana kwa kitana chenye meno ya kubanana au kumnyoa, naye akikataa kunyolewa, msikilize. Mwambie mwalimu na jirani, maana ukiwatoa chawa kwako peke yako watarudi kesho kwa mlango wa jirani. Na usimdanganye mtoto katika jambo dogo, kwa sababu siku ya jambo kubwa utahitaji akuamini, na hutapata muda wa kuanza upya.

Mungu akulindie watoto wako, akupe subira ya kuwajibu maswali yao yote, na wao wakue wakijua kwamba ukisema mama anakuja, anakuja.