Foleni ya Mitungi Huruma

Jumamosi nilikuwa kwenye kibanda cha maji mtaani Huruma alipokuja kijana wa jirani yangu kutafuta wateja. Amejifunza kuandika programu mtandaoni, chumbani kwa mamake, na sasa ana kampuni. Fulana yake imeandikwa "Mkurugenzi".

"Mathe, app yangu inakushikia nafasi kwa laini," alimwambia mama aliyekuwa mbele yangu. "Wewe unabaki kwa nyumba, simu inakupangia."

Mama akamwonyesha kwa kidevu mitungi ya manjano iliyojipanga hadi barabarani. Wenyewe walikuwa majumbani wakinywa chai.

"Na hii inafanya nini?"

Mkurugenzi akakuna shingo, akasema app bado inaboreshwa. Hapo simu yake ikalia. Ni mamake, anataka maji. Akaenda nyumbani, akarudi na mtungi, akauweka nyuma kabisa, kisha akaelekea mtaa wa Jericho kutafuta wateja wengine.

Laini iliposogea, mwanamke aliyefika baada yake aliusukuma mtungi ule mbele kwa mguu, huku akiendelea na umbea wake.

Kijana akifaulu kuutia mguu ule kwenye app, mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza.