Wimbo wa Saa ya Beseni

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano wala kupima homa. Nilikabidhiwa beseni la choo. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni upande wa Nyamira, mwishoni mwa miaka ya sitini, nami nimevaa gauni la uuguzi lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Nyumbani walikuwa wakitangaza kwamba Kerubo amekuwa daktari. Laiti wangeona nimebeba nini.

Sista wa wodi ya wanawake, yaani muuguzi msimamizi, alikuwa mama mrefu kutoka kule kando ya ziwa. Alikuwa mkali, nami nilimpenda na ninampenda mpaka leo. Alinipeleka chumba cha kuoshea vyombo, akamimina maji ya moto ndani ya beseni, akayamwaga, akalipangusa, kisha akaligusisha kwenye mkono wangu.

"Unasikia?"

"Lina joto, Sista."

"Basi. Baridi ya huku kwenu asubuhi, bati likimgusa mgonjwa anajifunga mpaka kesho. Pasha kwanza. Na usimnyanyue mtu kama gunia ya mahindi. Mwambie akunje goti, akanyage, ndio uweke mkono chini ya kiuno."

Vijana wa siku hizi hamkuyaona mabeseni yale. Yalikuwa ya chuma kilichopakwa rangi nyeupe, mazito, yameinuka kwa nyuma. Mwanamume akitaka haja ndogo alipewa chupa, akageuka ubavu, akamaliza. Mwanamke asiyeweza kuamka ilibidi apandishwe juu ya chuma kile, mgongo umepinda, hata kama ni kwa matone mawili. Aliyebuni vyombo vile hakumuuliza mkewe, na jambo hilo linaniudhi hadi sasa.

Tuligawa mabeseni kwa saa maalumu, wodi nzima kwa pamoja, kila kitanda kikizungushiwa pazia la kusimama lenye magurudumu. Tulidhani hapo tumemaliza kazi ya kumsitiri mtu.

Ndipo akaja Bosibori. Alikuwa ameteleza shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni, akavunjika paja. Enzi hizo mfupa wa paja ulitibiwa kwa kuuvuta: mguu unafungwa kamba inayopita kwenye gurudumu, kamba inaning'inizwa uzito, na mgonjwa analala chali wiki baada ya wiki. Bosibori hakunung'unika. Alitutania sote, akala, akacheka, akaitisha beseni bila haya.

Kisha kitanda cha jirani akaletwa Kwamboka, aliyepasuliwa tumbo. Binti wa Bosibori alikuwa ameolewa na mwana wa Kwamboka. Kwetu wazazi wa pande hizo mbili huitana korera, na heshima iliyo kati yao si ya mchezo. Mbele ya korera huketi ovyo, huli ovyo, wala hutaji mambo ya mwili.

Tangu siku hiyo Bosibori akaacha kunywa. Uji akawapa wenzake, maji akasema hana kiu. Beseni likifika, anatikisa kichwa. Midomo ikampasuka, homa ikapanda. Daktari alisema ugonjwa wa mkojo umemwingia, na asipokunywa maji mengi utafika kwenye figo. Niliogopa sana. Nilikuwa nimeshamzoea mama yule kama shangazi yangu.

Nilivuta pazia, nikamwuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa kunong'ona.

"Mwanangu," akasema, "pazia lenu linaziba macho. Masikio je? Yule ni korera wangu. Akisikia sauti ile, siku wakileta ng'ombe wa mahari nitamtazama na uso gani?"

Nilimkimbilia Sista, nikapendekeza tumhamishe Kwamboka.

"Korera? Na hakuna mtu aliniambia!" Akashika kichwa. "Hata kwetu mama ya mkwe anaheshimiwa hivyo. Lakini kumhamisha, hapana. Wageni wakija wapate hawa wametenganishwa, jioni watu wote watasema wamekosana. Unataka kuvunja ndoa ya watoto?"

Alisema kweli. Tungemponya mtu figo na kumwachia fitina.

Kesho yake akamwita fundi wa bati wa pale sokoni, yule wa karai na taa za koroboi, akamchorea beseni kwa chaki sakafuni: pana, la chini, mdomo wa mbele bapa, liingie chini ya mgonjwa bila kumnyanyua. Ukingo tuliuzungushia mpira wa baiskeli ili usikate ngozi. Mguu ukatulia, mgongo ukapumzika. Lakini masikio yalikuwa palepale.

Saa ya mabeseni ilipofika, Sista akasimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, akaanzisha wimbo wa kanisani. Mungu anisamehe, mama yule hakujaliwa sauti. Wagonjwa walichunguliana kando ya mapazia, mmoja akaitikia kwa huruma, kisha wodi nzima. Aliyeimba kwa nguvu kuliko wote ni Kwamboka, ameshika mshono wake kwa mikono miwili, uso ameuelekeza ukutani. Nilipompitia akaniashiria kwa kidole: na mimi niletee. Kumbe naye alikuwa anajibana!

Wimbo ulipokwisha, sauti ya Bosibori ilitoka nyuma ya pazia. "Leteni maji. Kikombe kikubwa."

Alipona. Alitoka na magongo, Kwamboka akimbebea kikapu.

Mimi nilihamishiwa Nyamache, baadaye Nyansiongo, na kote nilibeba beseni la fundi na wimbo wa Sista. Afisa mmoja wa afya alikuja kutukagua, akasimama mlangoni.

"Hii ni wodi ama ni kanisa?"

"Ni saa ya beseni, bwana mkubwa."

Akavua kofia, akangoja nje mpaka tukamaliza.

Sasa nimestaafu, na mwaka jana nilianguka bafuni, nikavunjika nyonga. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ndiye aliyenifikisha hospitali kwa gari lake. Muuguzi msichana alivuta pazia, akaniletea beseni la plastiki, jepesi, bapa, zuri ajabu. Nililisifu. Lakini viatu vya mkwe wangu nilikuwa naviona chini ya pazia, na mwili ulikataa kabisa.

"Magokoro, usione aibu," msichana akasema, kwa lile jina letu la nyanya. "Sisi tumezoea."

"Nyinyi mmezoea. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza." Nikamvuta karibu. "Unaimba kwaya?"

Alishangaa. "Ya kanisa. Sauti ya pili."

"Basi anza."

Akaanza polepole, kwa haya. Ubeti wa kwanza haukuwa umekwisha niliposikia sauti nzito ya mwanamume ikiitikia nje ya pazia, na vile viatu vikigeuka, vikienda zao mlangoni huku vikiimba.