Kamba ya Buluu na Fundo la Mkonge

Shati la baba lilinuka mkonge. Sisemi ile harufu nzuri ya kamba kavu unayoikuta dukani. Hii ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyokamuliwa, chachu, kali kidogo, na kila Jumamosi jioni tuliisikia kwenye kona ya migomba kabla hatujamwona mwenyewe. Sisi tulikaa karibu na Vuga, juu mlimani, kwenye ukungu na baridi ya kuwafanya watoto waote moto mpaka jua lichomoze vizuri. Baba alifanya kazi chini tambarare, kwenye joto, katika shamba la mkonge ambalo ukisimama ukingoni mwa kijiji chetu uliliona limepangwa mistari kama daftari. Alipanda kwa miguu Jumamosi, akashuka kwa miguu Jumapili baada ya adhuhuri. Mama alilifua lile shati mara mbili, akalianika juu ya vichaka vya uani, na bado harufu ilibaki. Mimi niliipenda. Nilichokichukia ni kikohozi. Baba alikuwa chumba cha brashi, mahali ambapo singa, yaani nyuzi za mkonge, husuguliwa mpaka zing'ae, na vumbi lake lilikuwa limemkaa kifuani hata hakuweza kucheka bila kukohoa.

Hata hivyo tulikuwa watu wa mkonge na tulijivuna. Azimio lilikuwa limekwisha kutangazwa, mashamba mengi yamekuwa mali ya umma, na mwalimu wetu, mama mmoja mwenye sauti nene aliyetoka Tanga mjini, alitufundisha kwamba meli za dunia nzima zilifungwa kwa kamba zetu. Nilimwamini kabisa. Nyumbani kila kitu kilifungwa kwa mkonge: mzigo wa kuni, mlango wa zizi, ndoo, hata mkanda wa kaptura ya kaka yangu. Nilipofika umri wa miaka saba baba alinifundisha fundo lake. Unazungusha mara moja, unapitisha ncha chini, unavuta. Singa ni kavu na ina miba midogo, kwa hiyo mkonge hujishika wenyewe, na kadiri mbuzi anavyovuta ndivyo fundo linavyokaza. Nililijua kuliko nilivyoijua hesabu ya kuzidisha, na mwalimu angeweza kukuthibitishia hilo.

Mwaka ule nilipokuwa darasa la nne, baba alipelekwa Tanga na mzigo, akaniletea zawadi. Ilikuwa kamba ya nailoni, buluu, inang'aa, laini kama samli. Hapakuwa na mtu kijijini aliyewahi kuona kamba ya rangi ile. Nilipoiruka shuleni wasichana walipanga foleni, na mimi, Mwanaisha, mtoto wa msugua singa ambaye kabla ya hapo hakuna aliyenigombania, nikawa ninachagua nani aanze na nani asubiri. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo niliisikia kwa bibi mara nyingi, lakini mtoto husikia methali kama anavyosikia mvua ya usiku.

Kisha maneno yakaanza kupanda kutoka tambarare. Dukani, penye redio, wanaume walisema bei ya mkonge imeanguka huko Ulaya, na kwamba wazungu sasa wanatengeneza kamba kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, hawahitaji majani ya mtu. Jumamosi moja baba alipokuwa akinywa uji, aliitazama kamba yangu iliyoning'inia msumarini. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayecheka na kujikohoza, "Nimeibeba mwenyewe mpaka ndani ya nyumba." Mama akanitazama, nami nikaelewa. Wakubwa hudhani watoto hawaelewi. Nilielewa kwamba kamba niliyokuwa nikiiruka ndiyo iliyokuwa inamfukuza baba kazini, na kwa akili ya miaka kumi nikaamua kwamba kila nikiruka ninamsukuma kidogo. Niliificha chini ya kitanda. Shuleni nikasema imepotea.

Ingebaki huko, kama mvua za masika zisingeozesha kamba ya mbuzi wetu. Tulikuwa na mmoja tu, jike mweupe mwenye mimba kubwa, na mama alikuwa amekwisha kuwaahidi watu kumi mtoto atakayezaliwa. Jumatano asubuhi ile kamba kuukuu ikakatikia mkononi mwangu. Mama alikuwa shambani, mimi nachelewa shule. Nikaitoa ile ya buluu. Nikamfunga mbuzi kwenye mti kwa fundo la baba, nikavuta kwa nguvu zote, nikakimbia. Niliporudi mchana kamba ilikuwa imelala kwenye nyasi, imenyooka, fundo halipo. Nailoni haijishiki. Ni laini mno, na fundo la mkonge juu yake huteleza tu. Mimi sikulijua hilo, na sidhani kama kulikuwa na mtu mlima mzima aliyelijua, kwa maana sote tulikuwa tumejifunza kufunga kwa kamba moja.

Tulimtafuta kwenye migomba, kwenye maharage ya jirani, kando ya msitu. Mama hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi kuliko fimbo. Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipoona mtu anapanda njia ya tambarare, godoro kichwani, na nyuma yake anamvuta mbuzi mweupe. Baba. Siku ya Jumatano. Alimkuta mbuzi kwenye kivuko cha mto akinywa maji, akamfunga kwa kipande cha mkonge kilichokuwa kimeshikilia godoro lake. Nilimwamkia shikamoo huku nikilia.

"Marahaba. Sasa unalia nini, na mbuzi huyu hapa?" Kisha akamgeukia mama. "Wamepunguza watu. Na mimi nimo."

Mama aliweka jembe chini. Alishika mkono wa kulia wa baba, akaugeuza, halafu wa kushoto. Pale shambani mashine ya kukamua ilikuwa imekula vidole vya watu tuliowajua, na mmoja mkono mzima. "Vyote kumi vimerudi," mama alisema. "Alhamdulillahi. Na hicho kikohozi kimefukuzwa kazi pamoja na wewe." Baba alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa msiba, na ghafla nilikuwa na mbuzi, na baba wa siku zote saba.

Nilimletea ile kamba aichome. Aliipokea, akaivuta huku na huku. "Kamba haina kosa, Mwanaisha. Fundo ndilo la zamani." Akaketi kizingitini na kuanza kufunga na kufungua, mpaka akapata: unazungusha mara mbili, unarudisha ncha ndani ya mzunguko wa kwanza, ndipo unavuta. Likashika.

Kurudi kwenyewe hakukuwa mteremko. Kwetu, zamu ya maji ya mfereji ni ya yule anayekuja kuuzibua, na baba alikuwa hajaonekana mferejini kwa miaka. Alikwenda siku tatu mfululizo na jembe lake, akafukua matope bila kudai kitu. Siku ya nne mzee wa mfereji akamwambia, kwa neno letu la kumwita mwanamume kwa heshima, "Mghoshi, maji ya Ijumaa ni yako." Tukapanda kabichi na karoti, mbegu zilizotoka ng'ambo kama ile nailoni, na malori yakapeleka mavuno yetu Tanga na Dar es Salaam. Lakini si wote waliokuwa na mlima wa kurudia. Rafiki yake baba, mtu wa Songea, alibaki kwenye kambi ya shamba mpaka paa lake likaanguka. Baba alimpelekea maharage kila mavuno, na kila aliporudi kutoka huko alipanda kukagua paa letu.

Leo mimi ni bibi. Pale Irente, wanakokuja watalii, nimewaona wageni wakinunua vikapu vya mkonge kwa furaha, wakisema wamechoka na plastiki, nami nikatamani baba angekuwepo acheke, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimemwacha na angecheka bila kukatizwa. Mwanangu analima pilipili hoho kwa ajili ya wanunuzi asiowajua, na bei hushuka kwenye simu yake bila hata kupiga hodi, kama ilivyoshuka kwenye redio ile. Namwambia apande na maharage pembeni. Dunia imetunyang'anya na imetulisha, na sitamdanganya kwamba najua kipi kilizidi. Tulipomzika baba, mzee sana, nilizunguka nyuma ya nyumba. Mlango wa zizi ulikuwa umefungwa kwa kamba ya buluu iliyopauka, kwa fundo lake la mara mbili. Nilichungulia nikawahesabu mbuzi. Wote walikuwemo.