Mtoto wa Sururu Alipoachishwa Ziwa

Siku ya kwanza kazini nilifika na Kabula mgongoni, na Bwana Msimamizi wa Mbwa akanitazama kama mtu aliyeagiza jembe akaletewa mpini.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza shule za wasichana na kuulizana mtafanya kazi gani. Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina mtoto mchanga mapajani ninapoandika haya, meno yangu yote yamo, na nimekwisha kustaafishwa. Kwa hiyo nina haki ya kusimulia kazi yangu kama wazee wengine wanavyosimulia zao.

Ulikuwa mgodi wa dhahabu upande wa Geita, miaka hii hii ya hamsini. Nyumba ya kuyeyushia dhahabu ililindwa na mbwa, na ofisi ilitaka mtu wa kusoma Kiingereza cha kwenye chupa za dawa zao. Wanaume waliojua Kiingereza hicho hawakutaka kunuka mbwa. Nikapewa mimi.

"Na huyo mgongoni?" Bwana Msimamizi aliuliza. Alikuwa mtu wa Tabora, aliyewahi kupigana vitani, na bado alitembea kama yuko kwenye gwaride.

"Ni mwanangu Kabula, Mzee. Bado ananyonya."

"Hapa tuna mbwa wa ulinzi, Mama Kabula."

"Nimewaona. Nao wananyonyesha."

Hakucheka, ila alinionyesha kivuli cha kumlaza mtoto. Nilimpenda tangu hapo, ingawa tuligombana karibu kila siku.

Nakumbuka asubuhi za pale: moshi wa kuni chini ya pipa la uji, mlio wa kinu cha kusaga mawe kwa mbali, na mbwa wakigonga mikia kwenye mabati waliposikia kata inakwangua pipa. Tuliwaita kwa majina ya vifaa vya mgodi: Toroli, Nyundo, Karai. Mama wa wengi wao alikuwa Sururu, mwekundu, sikio moja limelala. Hakupenda mtu. Mimi alinivumilia.

Sasa niwaeleze kuachisha ziwa kulivyofanywa. Desturi ya pale ilikuwa kama kuhamisha askari. Watoto wakishaota meno, wanabebwa siku moja wote, wanafungiwa banda la upande wa pili, na mama anapakwa shubiri kwenye chuchu ili hata wakitoroka wasinyonye. Mama hulia huku, watoto hulia kule. Wengine hugoma kula, wakaharisha, wakafa. Watoto wa uzao wa mwisho wa Sururu wengi walikufa hivyo hivyo, wakabaki wawili waliopelekwa kwa walinzi wa lango, na mmoja mdogo, mweusi, ambaye Bwana Msimamizi alimwona dhaifu mno kuhamishwa.

Wakati huo huo mama mkwe wangu akafika kwa lori kutoka Samuye. Kwetu mtoto anapoachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, asimwone mama mpaka asahau. Alikuja kumchukua Kabula, akanifuata mpaka kazini kuniambia.

"Kazi na ziwa haviendi pamoja," alisema.

"Mayu, bado mdogo."

"Mumeo naye alikuwa mdogo. Aliporudi kwangu hakunijua, alinikimbia kama mgeni. Leo si mwanamume huyo, anashuka shimoni?"

Alilisema kwa fahari. Mimi nilisikia lile la kukimbiwa tu.

Bwana Msimamizi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia, "Bibi anasema kweli. Mtoto huachishwa kwa kuondolewa. Hata mbwa."

Hapo damu ikanipanda. Nikasema, "Basi huyu mweusi niachie. Nitamwachisha humu humu, kwa mama yake, bila shubiri."

"Na akifa?"

"Akifa, Kabula aende Samuye."

Nilisema kwa hasira, na hasira ilipotulia nilitamani kuyarudisha maneno yangu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kukaa kitako kusubiri. Nyumbani furushi la nguo za Kabula lilikaa mlangoni, limefungwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilisaga mtama laini, nikapika uji mwepesi kwa maziwa ya ng'ombe, nikaumimina kwenye mfuniko wa debe, kwa sababu bakuli lenye kina humfanya mtoto azamishe pua akapaliwa. Kwanza alilamba kidole changu. Halafu nikashusha kidole hadi kwenye uji, akafuata. Wakati huo Sururu nilimtoa kwa mnyororo kutembea hadi langoni, ili arudi mtoto akiwa ameshiba na hamu ya ziwa imepungua. Kila mara tulikwenda mbali kidogo zaidi.

Ndani ya banda nikafudikiza sanduku tupu la baruti, kimo cha goti. Mtoto alipomng'ang'ania kwa yale meno kama miiba, mama alipanda juu, akalala huko akimtazama. Akimkoromea, sikuingilia. Nyama yake nikaipunguza ili maziwa yapungue, na chuchu nikazipapasa asubuhi na jioni kuona kama kuna iliyopata joto au kuwa ngumu. Sikumkamua, maana ukikamua unayaita maziwa mengine.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi moja Sururu alipotoka kula, akarudi bandani na kutapika chakula chote mbele ya mtoto.

Nilimnyakua mtoto. "Amekula sumu," nikasema. Bwana Msimamizi akaja mbio, akatazama tapishi, akanitazama mimi. Mama mkwe akasimama na kujifunga kanga vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Mtoe mtoto kabisa," Bwana Msimamizi alisema. "Mama anaumwa. Imekwisha, Mama Kabula."

Nikageuka kwenda naye banda la pili, lakini yule mweusi alinitafuna kidole mpaka nikamwachia. Akakimbilia tapishi, akala. Sururu akasogea pembeni, mkia ukicheza, akamwachia yote. Mtoto alipojaribu kunyonya baadaye, mama akapanda juu ya sanduku.

Tulisimama watatu tukitazama.

"Haumwi huyu," mama mkwe alisema polepole. "Anamlisha."

"Anamwachisha mwenyewe," akasema Bwana Msimamizi, na akavua kofia kujikuna kichwa.

Tangu hapo mtoto alinenepa akilala ubavuni mwa mama yake, ziwa kalisahau. Mama mkwe alifungua furushi, akazirudisha nguo mahali pake. Siku ya kuondoka alimshika Kabula mashavu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo huyu hatakukimbia?" Nikamfunga Kabula mgongoni. Akapanda lori.

Kabula aliacha ziwa mwenyewe, pale uani. Nilimvuta kifuani, akanisukuma kwa kiganja, akaelekea kwenye pipa la uji. Nililia, mimi niliyeshinda. Bwana Msimamizi akageuka na kujifanya anakagua komeo.

Alipostaafu yeye, alikuja Bwana Mkuu wa Ulinzi kijana, viatu vinang'aa. Aliona tumbo la mimba yangu ya pili kabla ya kunisalimia. "Mama," akasema, "kazi ya mama ni kulea. Nenda ukapumzike." Walinipa blanketi la mgodi kama wanavyowapa wazee.

Nimerudi mjini Shinyanga. Majirani huniuliza kama nimefurahi kuikimbia harufu ya mbwa. Sikuikimbia, na ninaitamani. Mabinti, mtakapoambiwa kwamba kazi ya mama ni kulea, msibishe, ni kweli. Nililea pale tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni, mtoto wangu na wa Sururu, katika ua mmoja, nikiitwa mfanyakazi. Hapa nyumbani ninafanya yale yale, na mume wangu akiulizwa hujibu kwamba mkewe amepumzika.