Nilivyopunguza ulaji wa pile kwenye redio ya transista, nikamwaibisha baba yangu kule Kabambare

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, herufi zikirukana mnivumilie. Nimesoma uzi wa kijana anayejisifu humu kwamba amekata vipande kwenye saketi ya amplifaya yake na sasa inakula umeme kidogo. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka, maana hayo nilishayafanya na aibu yake bado ninayo.

Ninayoandika yalitokea. Nina ndugu kule Kasongo watakaonisuta nikiongeza chumvi.

Ilikuwa enzi za Wabelgiji kwetu Kongo, miaka yao ya mwisho mwisho. Nilikuwa nimetoka Bukavu kujifunza ufundi wa redio, nimerudi kwetu Kasongo kichwa kimevimba. Redio za transista ndiyo kwanza zinaingia. Zile za zamani zilikuwa nzito kama sanduku la nguo. Hizi mpya unabeba kwapani.

Baba alikuwa fundi cherehani, mpole, mtu wa msikitini, nyumbani hata sauti yake husikii. Alijinyima akanunua redio moja. Shida ikawa pile, wengine mnaita betri. Zilikuja na lori mara mojamoja, na ile redio ilizitafuna kama njugu.

Nikamwambia, "Baba, uniachie. Nitafanya ikule pile kidogo na ilie kwa nguvu kupita zamani."

Sasa ufundi kidogo, wasiopenda waruke.

Kwenye transista za kutoa sauti kulikuwa na rezista ndogo, kipande cha kubana umeme, kwenye mguu mmoja unaoitwa emita. Kila nikipima naona inakula volti zangu bure. Haikuzi sauti, haifanyi chochote ninachokiona. Nikaing'oa, nikaunganisha waya moja kwa moja.

Nikatupa na kikasha cha pile, nikazilehemu pile zenyewe kwenye waya, ili umeme usipotee kwenye vyuma vyenye kutu. Ulaji wa pile ukapungua, sauti ikapanda. Mtaa ulijaa barazani kwetu kusikiliza, nami nimekaa katikati kama chifu.

Baba alifurahi kuliko mimi. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Dada yangu Zuena alikuwa anaolewa Kabambare. Wakwe walishapanga kuleta wapiga ngoma kutoka Wamaza. Baba, mtu asiyejua kujisifu, akawatumia neno: "Musisumbukie ngoma. Mutoto yangu atakuja na redio, itaimba mpaka magaribi."

Siku ya harusi uwanja ulijaa. Walikuwepo mpaka wachimba dhahabu wa Salamabila, mashati meupe, wana hamu ya rumba. Mimi niko ndani nafunga tai.

Baba, kwa kutaka mambo yaende vizuri, akafanya tunachofanya wote kwetu pile zikichoka: unazianika juani zipate nguvu. Ila zile nilizilehemu, hazitoki. Basi akaanika redio nzima, juu ya bati, toka asubuhi.

Mnaojua transista za germaniamu najua mmeshashika kichwa.

Zikipata joto zinapitisha mkondo wa umeme ambao hukuuomba. Mkondo unaleta joto, joto linaleta mkondo tena, mpaka transista inaungua. Kinachouzuia usikimbie ni rezista. Ileile niliyoing'oa kwa kuona haina kazi.

Nikawasha. Rumba ya Leopoldville ikatoka, watu wakainuka, Zuena mwenyewe akatikisa bega. Kisha sauti ikakwaruza, ikawa mluzi, ikanyamaza. Nilipogusa transista niliungua kidole.

Ngoma hakuna, tulizikataa wenyewe.

Badala ya kuomba radhi nikaanza kueleza. Kwa Kifaransa, wakuu. Chaleur, courant, résistance, yaani joto, mkondo, ukinzani. Shangazi wa bwana harusi akauliza, "Huyu iko nasema na nani?" Uwanja ukaangua kicheko. Mchimbaji mmoja akaleta kitambaa kibichi, akaifunika redio kama mtoto mwenye homa, wakacheka zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamtazama Zuena. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Baba akasimama. Akasema, "Redio ni miye niliianika. Musimucheke mutoto." Halafu akaimba.

Baba hakuwa na sauti. Ilikuwa nyembamba, inakatika katikati ya neno. Aliimba wimbo wa kubembelezea watoto, ule aliokuwa akimwimbia Zuena akiwa mgongoni kwa mama, na akaanza kucheza peke yake, mikono mbele, miguu haijui iende wapi. Sikuwahi kumwona akicheza. Jasho linamtoka ndani ya kanzu mpya aliyoishona mwenyewe. Walimcheka na yeye. Hakuacha.

Nilishindwa kumtazama, nikatazama viatu vyangu.

Yule shangazi ndiye wa kwanza kumwitikia. Wakafuata wanawake wengine, sufuria na mabeseni yakapigwa, harusi ikaendelea.

Kwenye lori la kurudi Kasongo Baba hakunigombeza. Mimi ndiye nilimwambia kwamba jua lisingeiua redio kama nisingetoa kile kirezista. Akauliza, "Hiyo kadude ulitoa, ulitupa?"

Nikasema ninayo.

"Basi urudishe. Ikule tu pile. Miye nitashona zaidi."

Nilibadilisha transista, nikaweka rezista, lakini ndogo zaidi ya ile. Nikazibana transista kwenye kipande cha alumini nilichokata kwenye kifuniko cha sufuria, kitoe joto nje. Pile zikarudi kwenye kikasha. Ikala kidogo kuliko ilivyotoka dukani, na juani ikalia vizuri. Ndiyo saketi bora niliyowahi kutengeneza. Kabambare hawakuisikia. Wajukuu wa Zuena mpaka leo wananiita Babu Chaleur.

Nilichojifunza: kabla hujakata kipande kwa kuona kinakula bure, jiulize kinafanya kazi gani siku ya joto.

Kijana wa amplifaya, yako umeshaiweka juani? Tupe jibu hapa. Na wengine, mwenye aibu ya ufundi aiandike, nisibaki peke yangu kwenye huu uzi.

Mimi kila harusi yenye spika kubwa, muziki ukikatika kidogo tu, naisikia ile sauti nyembamba ya Baba, na najikuta natazama viatu vyangu.