Bonyeza Penye Kanisa

Watoto wangu hawakuamini kwamba niliwahi kuimaliza ile jeu, mchezo wa video wa utoto wangu. "Mama, hiyo bongo," walikuwa wananiambia, na bongo kwetu Kolwezi ni uongo mtupu. Niliimaliza nikiwa msichana, peke yangu mbele ya televisheni, kaka zangu wamekwenda kwenye mpira. Kabla sijamwita mtu aje aone, umeme ukakatika. Tangu siku hiyo sina shahidi. Iliniuma, maana mimi nauza vitenge sokoni, na neno langu pale linaaminiwa na kila mtu, isipokuwa hawa niliowazaa mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa, binti yangu mkubwa aliweka katika simu yake programu ya kuchezea jeu za mashine za zamani. Mara ile jeu yangu ikatokea, na muziki wake uleule wa kukwaruza. Moyo ulinidunda kweli.

"Nimekutafutia ya Français, mama, utaelewa bien," akasema. Wote wakanizunguka kuja kunicheka.

Wakacheka. Vidole vilikosa vitufe kwenye kioo, lakini hilo nililizoea upesi. Kilichonishinda ni milango. Kila mlango una mlinzi anayekuwekea majibu mawili, na ukikosea unarudishwa mwanzo. Nikasoma Kifaransa chake, nikafikiri, nikachagua, nikarudishwa. Nikarudishwa tena. Kitinda mimba wangu alijilaza chini kwa kicheko, na mimi hasira zikanipanda.

Ndipo nikakumbuka. Kaseti yetu ya jeu ilikuwa ya Kijapani, na sisi watoto wa watu waliotoka Kasai, tuliozaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, Kijapani tungekisomea wapi? Tuliyapa maandishi yale majina kwa sura zake. Jibu moja lilikuwa na paa na msalaba, tukaliita kanisa. Lingine lilikuwa ngazi. Mara kanisa liko juu, mara liko chini, lakini ndilo linalofungua.

"Toa hiyo Français yako," nikamwambia binti yangu mkubwa. "Mi nataka ya Bajapani."

Akaitafuta, akaipata. Mlango wa kwanza, kanisa. Wa pili, kanisa. Vicheko vikapungua.

"Mama, unajua kusoma Kijapani?"

"Nyamaza, utanikosesha."

Katikati umeme ukakatika kama kawaida yake, simu ikaendelea bila kujali. Nilipomwangusha adui wa mwisho nilikuwa na jasho hadi mgongoni, na nilijiona mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi yakaanza kupanda, mstari kwa mstari, bila hata kanisa moja.

"Banaandika nini, mama?" akauliza yule kitinda mimba, kwa sauti ya chini.

Nikakitazama kioo kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Banaandika: mama yenu hasemake bongo."