Beji ya Shule Waliyosema Haikuwapo

Mimi ni fundi cherehani pale Mosocho, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Siku moja mteja aliniletea koti kuukuu nilipunguze. Ukosini palikuwa na beji ya shaba yenye rangi iliyochomwa, ngumu na laini kama ya zile sahani za enameli tulizolia utotoni. Aliniambia niitupe. Sikuitupa.

Tangu siku hiyo nazitafuta. Katika soko la Daraja Mbili nilizikuta nyingi kwenye mitumba, lakini zilikuwa za shule za Ulaya, nikaziacha huko. Nilitaka za kwetu. Wifi yangu aliwatangazia watu kanisani kwamba sasa naokota vyuma. Nilimwambia ni kweli, na kama anacho chuma kwake, alete.

Mwaka jana nilielekezwa kwa ajuza mmoja upande wa Nyamira, anayeishi peke yake kando ya shamba la majani chai. Alinifungulia kitambaa. Ndani mlikuwa na beji ya bluu yenye taa nyekundu, na kuizunguka jina la shule ambayo kila mtu huku anaijua kuwa ya wavulana. Chini yake iliandikwa, kwa Kiingereza, kwamba ni ya wasichana.

Akanieleza kwamba wao ndio waliokuwa darasa la kwanza. Walibeba mawe kutoka mtoni kwa vichwa vyao hadi darasa likasimama. Baadaye wakaambiwa waende kwingine, maana majengo yametakiwa kwa ajili ya wavulana, na warudishe beji. Yeye alisema yake imepotea.

Nilipoagana naye aliitia mkononi mwangu. "Chukua, mwanangu. Ila wakikuuliza, usiseme uliiokota."

Miezi michache baadaye shule hiyo ilitangaza sherehe ya kuadhimisha historia yake, na wenye kumbukumbu za zamani wakaombwa wazilete. Niliibandika beji kifuani nikaenda. Langoni walikuwa wametundika bango refu la historia, na mstari wake wa kwanza ulisema shule ilianzishwa kwa ajili ya wavulana.

Naibu wa mwalimu mkuu, kijana mwenye adabu, aliitazama beji. "Mama, hii si yetu," akasema. Nikamwomba asome jina. Alisoma, kisha akaenda kumwita mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Mwenyekiti alitaka niiache ofisini iwekwe kwenye kabati la vioo, wao watachunguza. Nilimuuliza kando yake kutaandikwa nini. Akajibu kwamba kwa sasa hakutaandikwa kitu.

"Basi itabaki kifuani pangu," nikasema.

Aliniambia nimekuja kuwaharibia watu sherehe. Nikaenda kuketi mstari wa mbele. Walinijia mara mbili wakiniomba nirudi nyuma, viti ni vya wageni. Nikawaambia nami ni mgeni, tena nimebeba waliokuja kabla ya wote. Sikuinuka. Sikupewa nafasi ya kusema. Hata hivyo wanafunzi walinizunguka baada ya chakula, na nikawaonyesha lile darasa la mawe, ambamo sasa huwekwa majembe, nikawaambia ni vichwa vya nani vilivyoyabeba.

Bango halikubadilishwa. Kwa hiyo nilitengeneza ubao wangu dukani, nikaufunika kitambaa cheusi na kuzipanga beji zote, kila moja na maelezo yake. Ya yule ajuza nimeiweka katikati. Mwenyekiti alimtuma mtu kuniambia kwamba beji ni mali ya shule. Nilimjibu kwamba wenye shule walifukuzwa, awarudishe kwanza hao.

Nilipompelekea ajuza habari hizo, hakucheka wala hakusikitika. Aliniambia tu kwamba mwenzake mmoja yuko hai, ameolewa Suneka. Nikaenda Jumapili iliyofuata. Huyo aliirudisha beji yake kama alivyoamriwa, na bado inamuuma. Lakini alikumbuka majina ya darasa zima kwa mpangilio walivyoketi, na tulishinda mchana kutwa yeye akitaja, mimi nikiandika.

Nimeyabandika majina hayo nje, kwenye mlango wa duka, kwa herufi kubwa. Mwenyekiti hupita hapo kila siku ya soko.